Herufi L

Karatasi yenyewe ni ndogo kama risiti ya supamaketi. Ilitoka kwenye mashine ya kupima gesi za damu, asubuhi ya siku ambayo mamangu alipasuliwa moyo, na mpaka leo iko ndani ya daftari langu, wino ukizidi kufifia. Ina safu ya namba. Ya kwanza ni pH, 7.42. Ya pili ni shinikizo la hewa ya ukaa kwenye damu, 34. Kando ya hiyo 34 kuna herufi moja: L. Yaani iko chini. Yaani kuna kitu hakiko sawa.

Nilikuwa nimefika mwaka wa pili chuoni, nikisomea mambo ya maabara, kabla ya karo na bili ya hospitali kukutana kwenye mfuko mmoja. Bili ikashinda. Kwa hivyo nilijua kiasi cha kunitisha, lakini si kiasi cha kunituliza. Nilijua hewa ya ukaa ikipungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hujibana. Na nilijua kwamba baada ya saa mbili hivi mathe angekuwa amelala kwenye meza, moyo wake umesimamishwa, mapafu yamenywea, na damu yake yote ikizungushwa na mashine. Huo si wakati wa kuanza na L.

Hospitali sitaitaja, ila iko huku huku juu. Aliyenijibu hakuwa daktari mpasuaji. Alikuwa yule jamaa anayeendesha mashine ya moyo na mapafu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta upande mmoja. Aliitazama karatasi, akanitazama.

"Mama ametoka wapi?"

"Kaptagat. Sasa tunaishi Langas."

"Hajawahi kuishi pwani?"

"Hata kwenda hajawahi."

"Basi tulia, kijana. Hiyo L imeandikiwa watu wa Mombasa."

Akaenda zake kunawa mikono. Nimekaa na hiyo sentensi karibu miaka mitatu, na hii stori ndiyo matokeo yake.

*

Shule ya msingi ilitufundisha kwamba tunavuta oksijeni, ambayo ni nzuri, na kutoa hewa ya ukaa, ambayo ni taka. Nusu ya pili si kweli, ama tuseme haijakamilika. Mwaka 1905, Waingereza wawili, John Scott Haldane na John Gillies Priestley, walionyesha kwamba katika hali ya kawaida kinachokuamrisha uvute pumzi si upungufu wa oksijeni. Ni hewa ya ukaa. Ikipanda kidogo tu, unahema. Ikishuka, unatulia. Mwili unailinda kama mama mboga anavyolinda chenji yake: isizidi, isipungue. Kwa mtu wa usawa wa bahari, kiwango hicho ni milimita 40 za zebaki hivi.

Sababu ni kwamba hewa ya ukaa ikiyeyuka kwenye damu inakuwa asidi. Ikizidi, damu inachachuka, moyo unaanza kusumbua, na mtu anazama kwenye usingizi usio wa kawaida. Ikipungua sana, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo inajibana. Kama uliwahi kupuliza baluni kumi mfululizo kwa bathdei ya mtoto mpaka ukaona nyota, hiyo ndiyo habari yenyewe. Hukukosa oksijeni, ulitoa hewa ya ukaa nyingi kupita kiasi. Mwaka 1948, Wamarekani Seymour Kety na Carl Schmidt walilipima jambo hili kwa binadamu walio hai: hewa ya ukaa ikipanda, damu ya ubongo inaongezeka, ikishuka, inapungua.

Sasa, hiyo 40 ilitoka wapi? Haikuandikwa kwenye jiwe. Kuna mtu alikaa chini akapima watu, mmoja mmoja. Mmoja wa hao watu alikuwa mwanamke anayeitwa Mabel Purefoy FitzGerald.

FitzGerald alizaliwa mwaka 1872. Mwishoni mwa miaka ya 1890 alikuwa akihudhuria masomo ya fiziolojia pale Oxford, lakini si kama mwanafunzi anayetambuliwa, kwa sababu Oxford haikuwapa wanawake digrii mpaka mwaka 1920. Alikaa darasani, akafanya kazi maabara, akaondoka bila karatasi. Mwaka 1905 yeye na Haldane walichapisha vipimo vya hewa ya ukaa ya watu wazima na watoto, wanaume na wanawake, wakatafuta cha kawaida ni kipi.

Halafu ikaja 1911. Haldane na wenzake walienda Marekani, wakapanda mlima wa Pikes Peak kule Colorado, zaidi ya mita 4,300, wakakaa kileleni kwa wiki kadhaa wakijipima wenyewe. FitzGerald hakuwa nao kule kileleni. Alikuwa na kazi nyingine: kuzunguka peke yake kwenye vijiji vya wachimba migodi, vingine kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,000, na vifaa vyake vya vioo, akiomba wanaume na wanawake wanaoishi huko wampulizie pumzi zao.

Hebu fikiria tofauti ya hizo kazi mbili. Wenzake walikuwa wageni mlimani. Walichopima ni mwili wa mtu wa Oxford unaoshangaa. FitzGerald alipima wenyeji, watu ambao huko juu ndiko nyumbani. Akaona kwamba kadiri unavyopanda, ndivyo hewa ya ukaa ya mwenyeji inavyoshuka, hatua kwa hatua, kwa mstari ulionyooka. Kila shinikizo la angahewa likipungua kwa milimita 100, hewa ya ukaa inapungua kwa takriban 4. Wala hao watu hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wanachimba dhahabu. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1913.

Eldoret, ama Sisibo kama wazee wetu wanavyoiita tangu enzi za shamba namba 64, iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Shinikizo la hewa hapa ni kama milimita 590 badala ya 760 za pwani. Chukua mstari wa FitzGerald, piga hesabu. Unatoka 40, unapoteza 7 hivi, unafika 33 na kitu. Mathe alikuwa na 34.

Mwanamke asiye na digrii alikuwa amemsoma mamangu miaka mingi kabla hajazaliwa. Nitarudi kwake.

*

Lakini kujua namba ya mtu anayechimba dhahabu ni tofauti na kujua namba ya mtu anayekufa. Kwa muda mrefu, kupima hewa ya ukaa kwenye damu kulikuwa kazi ya kioo, zebaki, muda na mkono wenye ujuzi. Jibu lilikuja, ndiyo, lakini mara nyingi lilikuja likimkuta mgonjwa ameshapona ama ameshazikwa.

Kilichobadilisha mambo ni janga. Agosti 1952, mji wa Copenhagen, Denmark, ulivamiwa na polio. Hospitali ya Blegdam ilikuwa ikipokea wagonjwa kwa makumi kila siku, wengi watoto, na wengi wao wakiwa wamepooza misuli ya kupumulia na kumezea. Hospitali nzima ilikuwa na pafu la chuma moja, lile tangi kubwa la kumlaza mtu ndani, na vifaa vichache vya kufunga kifuani. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza waliowekwa kwenye mashine hizo, 27 walikufa.

Kabla ya kufa, damu yao ilionyesha jambo la ajabu. Kipimo cha jumla cha hewa ya ukaa kilikuwa juu sana. Madaktari walikisoma kama dalili kwamba damu imekuwa na alkali kupita kiasi, ugonjwa fulani usioeleweka. Mkuu wa hospitali, Lassen, akamwita daktari wa nusukaputi anayeitwa Bjørn Ibsen. Ibsen akasoma namba zile zile akaona kitu tofauti kabisa: hawa watoto hawatoi hewa. Hewa ya ukaa imejaa ndani, damu imechachuka, wanazama katika pumzi yao wenyewe.

Tarehe 27 Agosti alipewa msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho. Koo likatobolewa, bomba likaingizwa, na Ibsen akaanza kumpulizia hewa kwa kukamua mfuko wa mpira kwa mkono. Mwanzo mambo yalikwenda vibaya, msichana akabanwa, na baadhi ya madaktari waliokuwa wakitazama wakaanza kuondoka. Ibsen akampa dawa ya usingizi, mwili ukalegea, hewa ikaingia. Hewa ya ukaa ikashuka. Rangi ikarudi. Aliishi.

Baada ya hapo hakukuwa na mashine za kutosha, kwa hivyo waliita wanafunzi. Karibu wanafunzi 1,500 wa chuo walipokezana zamu kando ya vitanda, usiku na mchana, miezi kwa miezi, wakikamua mifuko kwa mkono. Mara nyingi mimi huwaza kuhusu hao wanafunzi. Wengine walikuwa na miaka niliyokuwa nayo nilipotoka chuo. Mtoto amekutazama machoni, hawezi kusema kwa sababu ya bomba, na wewe ndiwe pafu lake mpaka saa mbili asubuhi.

Swali likawa: utajuaje unakamua vya kutosha? Ukikamua polepole, anachachuka. Ukikamua mbio, mishipa ya ubongo inajibana. Mkuu wa maabara, Poul Astrup, akatengeneza njia ya kupata jibu kutoka kwenye pH ya damu, haraka kiasi cha kumsaidia mgonjwa ambaye bado yuko hai. Huo ndio mwanzo wa ile risiti ndogo.

*

Upande wa pili wa Atlantiki kulikuwa na watu wanaotaka kwenda mbali zaidi ya kukamua mfuko. Walitaka kuyazima mapafu na moyo kabisa.

John Gibbon alikuwa daktari kijana kule Boston aliyekesha usiku kucha mwanzoni mwa miaka ya 1930 kando ya mwanamke mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa wa mapafu, akimtazama akibadilika rangi. Alijiuliza: je, kama tungeweza kuitoa ile damu nyeusi, kuipa oksijeni nje ya mwili, na kuirudisha? Yeye na mkewe, Mary, walifanya majaribio kwa paka kwa miaka mingi. Tarehe 6 Mei 1953, kule Philadelphia, msichana wa miaka 18 anayeitwa Cecelia Bavolek aliunganishwa na mashine ya Gibbon. Kwa dakika 26 mashine ilikuwa moyo wake na mapafu yake, na tundu lililokuwa ndani ya moyo likashonwa. Alipona. Wagonjwa wengine wa Gibbon waliofuata walikufa, naye akaiweka mashine kando. Wengine, kina Lillehei na DeWall kule Minnesota, kina Kirklin kule Mayo, wakaendelea.

Mapafu mengi ya mashine za enzi hizo yalikuwa rahisi kuelewa. Unapitisha mapovu ya oksijeni katikati ya damu, kama soda, halafu unaondoa povu kabla ya kuirudisha kwa mgonjwa. Oksijeni iliingia vizuri. Tatizo ni kwamba hewa ya ukaa nayo ilitoka vizuri, vizuri mno. Ukiongeza mapovu ili damu iwe nyekundu, unaifagia hewa ya ukaa yote. Damu inayorudi inang'aa, kila mtu chumbani anafurahi, na ubongo umefungiwa mlango.

Hapo ndipo ile hewa tuliyoambiwa ni taka ikaanza kununuliwa. Waendeshaji walichanganya hewa ya ukaa ndani ya oksijeni, asilimia chache tu, ili damu isiporwe. Lakini ngapi? Bila kupima, ilikuwa kubahatisha.

Majibu yalitoka kwa watu wawili waliokuwa na shida zao tofauti. Leland Clark alikuwa ametengeneza pafu la mapovu. Shida yake ilikuwa kuthibitisha kiasi cha oksijeni kilichomo kwenye damu inayotoka humo, na hiyo ndiyo iliyomfanya abuni elektrodi ya kupima oksijeni katikati ya miaka ya 1950. Richard Stow, kule Ohio, alikuwa anahangaika na wagonjwa wa polio wanaopumuliwa kwa mashine, na mwaka 1954 akaonyesha wenzake kitu alichounda: elektrodi ya kioo ya kupima pH, imelowanishwa maji, imevikwa kipande cha mpira wa glavu. Hewa ya ukaa inapenya mpira, maji yanachachuka, kioo kinasoma. Ilikuwa nzuri, ila haikutulia. Daktari mmoja aliyekuwa akisikiliza, John Severinghaus, akawaza: tia baikaboneti kidogo, ile jamii ya magadi, ndani ya hayo maji. Ikatulia. Kufikia mwaka 1958, Severinghaus na fundi wake Freeman Bradley walikuwa wameziweka elektrodi zote mbili kwenye kifaa kimoja. Damu kidogo, dakika chache, namba mbili: hewa ya ukaa na oksijeni. Mashine iliyotoa risiti ya mathe ni kitukuu cha kile kifaa.

*

Ungedhani stori inaishia hapo. Namba ipo, fuata namba. Lakini kuna baridi.

Katika upasuaji mwingi wa moyo, damu hupozwa ili ubongo na viungo vingine vitumie oksijeni kidogo. Na hewa ya ukaa ina tabia ya soda: kwenye baridi inayeyuka zaidi, kwa hivyo shinikizo lake linashuka. Damu ile ile, hewa ile ile, namba tofauti. Sasa ufanye nini na mgonjwa wa nyuzi 28? Uongeze hewa ya ukaa mpaka namba irudi 40 katika baridi yake? Ama uiache ishuke, na uisome damu kana kwamba imepashwa moto tena mpaka nyuzi 37?

Wapasuaji walibishana kuhusu hili kwa miongo, na kilichonichekesha ni kwamba walienda kuwauliza wanyama. Mnyama anayelala msimu mzima wa baridi hupumua kidogo sana, hewa ya ukaa inajaa, pH yake haiyumbi. Kambi ya kwanza ilisema tumuige huyo. Chura na kobe, wao, hubadilika joto kila siku na kuendelea na maisha. Wanaacha pH ipande kadiri baridi inavyoingia, na protini zao zinafanya kazi sawasawa. Watafiti kama Hermann Rahn na Robert Blake Reeves, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walieleza kwa nini hilo la chura lina mantiki. Kambi ya pili ikasema: basi tuwe chura.

Kwa watu wazima, chura ameshinda katika sehemu nyingi, kwa sababu ukiongeza hewa ya ukaa mishipa ya ubongo inafunguka kupita mahitaji, na damu nyingi inaweza kubeba vipovu na vipande visivyotakiwa. Kwa watoto wachanga wanaopozwa sana, wengi wamerudi kwa mnyama anayelala, maana mishipa ikifunguka, baridi inaufikia ubongo wote sawasawa. Hakuna namba moja iliyo sahihi kwa wote. Inategemea ni nani, ana joto gani, na yuko wapi.

*

Hilo la "yuko wapi" ndilo lililokuwa likinisumbua, kwa hivyo baadaye, mathe akiwa ameshatoka chumba cha wagonjwa mahututi, nilimtafuta yule jamaa wa miwani. Nilimkuta nje anakunywa chai. Nilikuwa na maswali kumi. Alijibu kwa kuchora kwenye karatasi ya andazi.

Alinichorea pafu la siku hizi. Hakuna mapovu tena. Ni kopo la plastiki lililojaa maelfu ya nyuzi nyembamba zenye uwazi ndani. Gesi inapita ndani ya nyuzi, damu inapita nje, na hubadilishana kupitia ukuta. Akasema ana vitu viwili vya kuchezea. Kimoja kinaamua oksijeni ni kiasi gani. Kingine kinaamua gesi inapita kwa kasi gani, na hicho ndicho kinachotawala hewa ya ukaa. Ukiongeza kasi inafagiwa, ukipunguza inabaki. Kila nusu saa hivi anatoa damu kidogo kwa sirinji na kuipima. Kwenye mdomo ambapo gesi hutokea unaweza pia kuweka kifaa kinachosoma hewa ya ukaa muda wote, ambacho hakikupi jibu kamili lakini kinakuambia mapema kama mambo yanahama. Kwingine, penye pesa, kuna vihisi vinavyokaa ndani ya bomba la damu lenyewe na kusoma bila kupumzika.

"Na kwa mama mambo yalihama?"

Akacheka. "Kidogo. Vali ikibadilishwa, moyo uko wazi. Daktari anamwaga hewa ya ukaa kwenye jeraha ili hewa ya kawaida isibaki ndani ya moyo. Povu la ukaa linayeyuka upesi kwenye damu, la hewa ya kawaida linaweza kwenda kichwani. Sasa ile ukaa inanyonywa pamoja na damu, inarudi kwangu. Nikaiona inapanda. Nikaongeza kasi ya gesi."

Akasema hivyo tu, kama mtu anayesimulia alivyopunguza moto wa sufuria.

Nikamuuliza kuhusu asilimia, zile za zamani. Akaandika hesabu mbili. Pwani, shinikizo 760, ondoa 47 ya mvuke wa maji mwilini, asilimia 5 ya hewa ya ukaa inakupa karibu 36. Hapa kwetu, 590 ondoa 47, asilimia 5 ile ile inakupa 27. Mtungi ule ule, lebo ile ile. Mwongozo ulioandikwa kando ya bahari ukifuatwa neno kwa neno huku juu, unamnyima mgonjwa robo ya kitu ambacho ubongo wake unakitegemea. Ndiyo maana mashine ya kupima gesi za damu lazima ijue shinikizo la mahali ilipo, na ndiyo maana mtu wa kwanza kuitazama asubuhi lazima awe mtu anayejua kwamba hapa si Mombasa.

Sisi watu wa huku tunajua mwinuko kwa njia moja tu: medali. Mwaka 1968 Kipchoge Keino alimwacha Jim Ryun kwenye mita 1,500 kule Mexico City, zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na tangu hapo Wazungu wanakuja Iten kununua hewa yetu nyembamba. Sawa. Lakini wengi wanaoishi kwenye hii hewa hawakimbii popote. Wanauza mitumba pale karibu na stage, wanapanda ngazi moja na kupumzika, kwa sababu walipokuwa watoto waliumwa koo, koo halikutibiwa, na mwili ukipigana na ule ugonjwa ukashambulia pia vali za moyo. Ndivyo ilivyokuwa kwa mathe. Dawa ya koo ingekuwa penisilini. Vali ilikuwa mwaka wangu wa pili wa chuo, ng'ombe wawili wa mjomba, na michango ya watu ambao wengine siwajui hata kwa jina.

Kwa muda mrefu mtu wa huku akihitaji upasuaji wa moyo alipanda basi la Nairobi, ama ndege ya India kama ana bahati. Sasa Tenwek kule Bomet wanafanya, na hapa Eldoret, hospitali ya rufaa ya Moi, iliyoanza mwaka 1917 kama kijihospitali cha vitanda vichache, nayo inafungua mioyo. Hiyo ni hatua. Ila mashine ikitoka Ujerumani ama Japani inakuja na kawaida yake ndani, na hiyo kawaida ilipimwa kwa miili ya watu wengine. L ilichapishwa kiwandani. Kuisoma ni kazi ya aliye hapa.

Mathe aliamka siku ya pili. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mabaya, kwa sababu nilikuwa nimesoma sana usiku. Nilisimama karibu na kitanda nikimngoja aseme kitu, chochote, ili nijue kama bado ni yeye. Alinitazama muda mrefu. Halafu akauliza kama nimefungia kuku.

Sikuwa nimefungia kuku.

Sasa anakunywa dawa ya kufanya damu isigande, anapimwa kila mwezi, na ukikaa kimya chumbani usiku unasikia vali ikigonga, tik, tik, kama saa ya ukutani. Karo ya chuo bado haijapatikana, na sina hakika kama nitairudia. Nimeshaandikiwa L yangu na watu wengi tu.

Mabel FitzGerald, baada ya ile makala ya 1913, aliendelea kidogo, akafanya kazi ya patholojia kule Edinburgh, kisha akarudi Oxford na kuishi kimya. Watu wa fiziolojia walimsahau kwa miongo, wakiendelea kutumia mstari wake. Desemba 1972, Oxford ilimpa shahada ya heshima. Alikuwa na umri wa miaka 100. Alifariki mwaka uliofuata.

Wiki iliyopita nilimsomea mathe hiyo sehemu, nikimtafsiria. Akaniuliza huyo mama alikuwa akipanda huko milimani na nini. Nikamwambia reli, na pengine nyumbu, na miguu.

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akanyamaza, vali ikigonga. Kisha akaniambia nimletee hiyo karatasi yenye namba. Aliishika karibu na dirisha, maana wino umeisha sana, akaitafuta ile 34 kwa kidole. Akachukua kalamu yangu na kuipitishia wino upya. Herufi iliyo kando yake akaiacha ilivyo.